Mguu Uliovunjika Ndani ya Gunia la Pamba

Sapiwi, Bariadi
9 Julai 1995

Dada Philomena,

Mwangaluka. Huku sote tunapumua isipokuwa mama, na ndiyo maana nimekaa chini kuandika, mimi ambaye unajua kalamu naishika kama jembe.

Jumatano tulikuwa tunashindilia pamba. Mwaka huu ni vurugu, dada. Si kama zamani, chama cha ushirika peke yake na mizani yake moja. Sasa kila asubuhi kuna lori jipya la mnunuzi binafsi, huyu anapiga honi huku, yule anapandisha bei kule, na anayewahi kujaza magunia ndiye anayeuza vizuri. Mama akasema tunachelewa. Akaingia mwenyewe ndani ya gunia tulilolining'iniza, akaanza kukanyaga, huku anatutania eti miguu yetu ni ya ofisini. Unamjua. Mara tukasikia ko! kama mtu aliyevunja kuni. Kumtoa kwenye gunia, paja la kulia limepinda.

Dada, hakuanguka. Hakupigwa na kitu. Alikuwa anakanyaga pamba! Paja la mtu mzima linavunjikaje juu ya kitu laini vile? Mimi sielewi, na hapa kijijini hakuna anayeelewa, na watu wasipoelewa unajua wanavyoanza kunong'ona.

Tangu masika alikuwa analalamika mgongo, tukadhani ni kazi ya shamba. Sasa amelazwa nyumbani kwa mama mdogo Nyanjige, ndiye anayemlisha na kumwogesha. Tangu baba atutoke, hawa wake wenza wawili wamekuwa kama waliozaliwa tumbo moja. Fundi wa kuunga mifupa atakuja wiki ijayo kuuvuta mguu. Wewe ni muuguzi, niambie cha kufanya. Barua nampa Marcelo, dereva wa lori la pamba, analala Mwanza kila Jumanne. Jibu mpe yeye. Siku hizi malori yana kasi kuliko posta.

Mdogo wako,
Mashimba Masunga


Sapiwi
10/7/1995

Philomena mwanangu,

Hii nimeandika mwenyewe kwa herufi zangu za elimu ya watu wazima, usicheke. Bahasha nimeishona kwa uzi. Ukiona uzi umekatwa ujue Mashimba ameisoma, unipe habari nimchape na mguu huu huu.

Mguu unauma sana, sikudanganyi. Lakini la muhimu ni hili: ile habari yetu ya mwaka 1992, ya huko Mwanza, usiitoe. Hapa wote wanajua nilitolewa jipu. Liendelee kuwa jipu.

Sayi anaposwa. Watu wa Binza, Maswa, wameshakuja mara mbili, ng'ombe wametajwa, bado kukubaliana tu. Sayi ni wa Nyanjige kwa tumbo, lakini unakumbuka Nyanjige alivyoumwa baada ya kumzaa, nikamnyonyesha mimi mpaka akatembea. Wakisikia ziwa lililomnyonyesha liliingiwa na kansa hadi likakatwa, watasema binti amenyonya ugonjwa, atawazalia wagonjwa. Usiniambie si kweli. Najua si kweli, ulinieleza vizuri. Lakini wao hawakuwepo ulipokuwa unanieleza.

Wewe unajua, mimi najua, basi. Uliniapia mwanangu, na kiapo bado ni kiapo. Leta dawa ya maumivu na majani ya chai.

Mama yako,
Ng'wana Shigela


Mwanza
18 Julai 1995

Mashimba,

Barua zenu nimezipata. Nimelia chooni, kisha nikarudi wodini, maana tumebaki wauguzi watatu baada ya wenzetu kupunguzwa kazi, na likizo yangu ni mwezi wa tisa.

Tafadhali, mtu yeyote asiuvute huo mguu. Asiukande, asiuchue, asiupindepinde. Ufungeni vibao viwili, nje na ndani, kutoka nyonga mpaka kisigino, na mama asikanyage chini. Akiweza kusafiri, mlete huku apigwe picha. Vidonge nimempa Marcelo, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, baada ya kula.

Kuhusu kwa nini umevunjika, usisumbuke sana. Mifupa ya watu wazima hulegea. Yanatokea.

Msalimie mama mdogo Nyanjige. Mwambie ninamshukuru kwa kila kitu.

Dada yako,
Philomena


Sapiwi
30 Julai 1995

Dada,

Uliyoandika nimeyafuata nusu. Mguu haukuvutwa, umefungwa vibao. Lakini safari ya Mwanza mama amekataa kabisa. Kila tukimgusa anapiga yowe, anasema lori litamuua kabla ya kufika Lamadi.

Halafu na wewe, dada! "Mifupa ya watu wazima hulegea." Mama ana miaka hamsini na tatu! Wapo vikongwe hapa Sapiwi wa miaka themanini wanaruka mitaro. Mimi si mtoto. Ukinificha jambo najua.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mfumu. Usianze kunigombeza, mganga hakuanza kwangu. Mama alikitemea kifaranga mate mdomoni kama ilivyo desturi, nikakipeleka. Akakichinja, akakifungua, akaufikia mfupa wa paja, akaupasua. Ndani palikuwa na doa jeusi. Nimeliona kwa macho yangu haya mawili. Akasema, kuna anayeula mfupa huu kutoka ndani, na yuko karibu, anakula na mgonjwa sahani moja. Akaniuliza, nani anamwogesha?

Dada, unajua anayemwogesha. Mama mdogo! Lakini hebu fikiri. Macho yake mekundu. Na akimwogesha mama anafunga mlango kwa komeo, hata mke wangu haruhusiwi kuingia. Hapo mwanzo tuliona ni heshima tu. Sasa najiuliza, anafunga mlango kwa nini?

Jumatano nilimkuta kisimani. Nikaimwaga ndoo yake mbele za watu, nikamwambia asichote tena pale. Aliokota ndoo yake akaondoka. Sasa ametengwa: hapewi moto, hasalimiwi, haingii kwa mama. Mama tumemhamishia kwangu, tumemwambia mama mdogo yuko msibani kwa kaka yake huko Kimali. Naye mama amekataa kuogeshwa na mtu mwingine, anajipangusa mwenyewe kitandani. Watu wa Binza wamesikia, wamesimamisha posa.

Jumamosi tarehe 12 Agosti kijiji kinakaa kumjadili. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wana hasira, na hapa kwetu unajua wanavyoishia wanawake wazee wenye macho mekundu. Sitaki damu mimi. Lakini sina la kuwaambia. Kama unayo sababu nyingine ya mfupa huu, iseme kabla ya kikao. Kama huna, usije ukanilaumu.

Mashimba


Mwanza
8 Agosti 1995

Mashimba mdogo wangu,

Simama hapo ulipo usome hii mpaka mwisho, kisha uipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji ukiwa unakimbia.

Mama mdogo hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi.

Mwaka 1992 mama hakutolewa jipu. Alikuwa na saratani ya titi, kansa. Titi lote la kushoto lilikatwa hapa Mwanza, mimi nikiwa nimemshika mkono. Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu ya Sayi, na mimi nikanyamaza miaka mitatu. Ulipoandika mguu umevunjika bila kuanguka, nilijua siku ile ile. Nikakuandikia uongo ule wa mifupa kulegea. Nisamehe.

Utaniuliza titi na paja vinakutana wapi. Nitakueleza kwa shamba, maana hilo unalijua kuliko mimi. Kila mwaka baada ya mavuno bwana shamba anatulazimisha kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma, ili funza wafe. Na bado kuna mwaka unang'oa, unachoma, unayaona majivu kwa macho, halafu msimu unaofuata funza wapo, tena kwenye shamba jingine ng'ambo ya njia. Walishatoka kabla hujawasha kiberiti. Kwa mama ilikuwa hivyo hivyo. Titi lilikatwa, lakini chembe za ugonjwa, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho la kuziona, zilikuwa zimeshaingia kwenye damu. Na damu inafika kila mahali. Chembe hizo zikifika kwenye mifupa yenye uboho, uti wa mgongo, mbavu, nyonga, paja, zinapapenda. Zinaweza kukaa kimya mwaka, miwili, mitatu. Halafu zinaamka, zinaanza kuuharibu mfupa kutoka ndani.

Umeshapasua tumba la pamba ambalo kwa nje ni zima, ndani limeliwa lote? Paja la mama lilikuwa hivyo. Na yale maumivu ya mgongo tangu masika ni ugonjwa huo huo, mahali pengine. Siku ya gunia lilikuwa limebaki ganda. Lingeweza kuvunjika hata akiinuka kwenye kigoda.

Kifaranga chako sibishani nacho. Kuna kitu kinaula mfupa kutoka ndani, ni kweli kabisa. Ila hicho kitu si mtu.

Kupona, Mashimba, hatapona. Hilo nalo nilikuficha. Tunachoweza ni kumpunguzia maumivu, na nitakuja na dawa nzuri zaidi mwezi wa tisa. Lakini mama mdogo ni mzima, na maisha yake yako mikononi mwako wiki hii. Niliomba ruhusa ya dharura leo asubuhi, nimenyimwa. Marcelo anaondoka alfajiri, atafika Sapiwi kesho jioni. Wasomee wote. Mama akinilaani, anilaani.

Dada yako,
Philomena


Sapiwi
21 Agosti 1995

Dada Philomena,

Barua yako nimeipata jana, Jumapili. Kikao kilikuwa Jumamosi ile ya tarehe 12. Umechelewa siku nane.

Usimlaumu Marcelo. Alipofika Bariadi tarehe tisa, tajiri wake alimgeuza palepale, akamwambia aende Meatu kwa sababu mnunuzi mwingine amepandisha bei huko, wasije wakanyang'anywa wateja. Akazunguka huko siku kumi na barua yako ikiwa mfukoni mwa koti. Alikuwa Kimali, dada. Na mama mdogo alikimbilia huko huko Kimali, kwa kaka yake. Huenda lori lilimpita njiani na barua ya kumwokoa ndani yake.

Yuko hai. Nianze na hilo. Kikao kilimpa mpaka saa kumi awe ametoka kijijini. Sungusungu walimsindikiza mpaka mpakani, jiwe moja likampata begani. Mimi nilikuwepo. Sikurusha, lakini sikumzuia aliyerusha.

Kabla ya hapo mwenyekiti alimuuliza mara tatu, "Nyanjige, una la kusema?" Akasema, "Sina." Tukasema, mnaona? Asiye na hatia angejitetea.

Jana nilisoma barua yako zizini, nimesimama kama ulivyosema, halafu nikakaa kwenye mavi ya ng'ombe. Nikaingia kwa mama. Nikamwambia yote: mfumu, kisima, kikao, jiwe. Alikuwa hajui lolote, masikini, alikuwa anahesabu siku za msiba wa Kimali. Hakulia. Aliniambia, "Ita wanaume wanne wanibebe na kitanda."

Tukambeba mpaka uwanjani kwa mwenyekiti. Alikuwa anapiga yowe kila hatua na akikataa tumrudishe. Wakaja watu, wanaume kwa wanawake, na sungusungu wenyewe. Akafungua kanga mbele yetu wote. Dada, sijawahi kumwona mama hivyo. Upande wa kushoto ni bapa, na kovu kutoka hapa mpaka kwapani. Akasema:

"Hapa palikuwa na titi. Palioza, pakakatwa. Niliporudi kutoka Mwanza kidonda kilifumuka, kikatoa usaha miezi miwili. Nani alikiosha? Nyanjige. Nilimwapisha kwa jina la binti yake Sayi kwamba hatamwambia mtu, wala asiruhusu mtu aone. Ndiyo sababu ya komeo. Mlipomuuliza kama ana la kusema, alikuwa nalo. Lilikuwa langu, akanitunzia."

Hata wewe hukulijua hilo, dada. Alikwambia mnajua wawili, kumbe mlikuwa watatu.

Mwenyekiti alivua kofia.

Nifanye nini?

Mashimba


Sapiwi
24 Agosti 1995

Mama mdogo Nyanjige,

Shikamoo.

Barua hii ni ya tano, nne nimezichana. Mama ametuonyesha kovu. Tumejua yote. Kijiji kimefuta maneno yake, mwenyekiti atakuja mwenyewe.

Mimi ndiye niliyemwaga maji yako. Mimi ndiye niliyekipeleka kile kifaranga. Ulinibeba mgongoni nilipokuwa na surua, na mimi nikasimama natazama jiwe likikupata. Sijui namna ya kusema haya kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Mama anakuuliza. Kila anayeingia anadhani ni wewe. Nimetayarisha mkokoteni wa ng'ombe kuja kukuchukua, ukikubali.

Mashimba


Kimali, Meatu
3 Septemba 1995

Mashimba,

Barua hii inaandikwa na Januarius, katekista wa hapa Kimali. Ninaandika anavyosema mama Nyanjige, sijaongeza wala kupunguza.

Anasema: Marahaba.

Anasema: Barua yako nimesomewa mara mbili. Bega limepona. Moyo bado, na sitakudanganya kwamba umepona. Wewe nilikuosha kinyesi. Watu baki wangenimwagia maji ningesema ni watu baki.

Usinisifu kwa kunyamaza. Nilikuwa naogopa. Mara mbili pale kikaoni mdomo ulifunguka nikaufunga. Nilikuwa najiambia, nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mwenzangu mbele za watu akiwa amelala hawezi hata kujifunika. Na Sayi angeharibikiwa. Basi nikasema sina. Kumbe Sayi ameharibikiwa hivyo hivyo, na mwenzangu amejivua mwenyewe kwa ajili yangu. Hilo ndilo limeniliza, si jiwe lenu.

Nitakuja. Siji kwa ajili yako wala kwa ajili ya mwenyekiti na kofia yake. Ninakuja kwa sababu yeye hapendi kuogeshwa na mtu mwingine, na maji ya kwanza anayataka ya vuguvugu, na nyinyi hamjui.

Mkokoteni usilete, nitapanda lori la pamba, malori yamejaa huku. Ila nina neno moja. Maji ya kumwogeshea mama yako uyachote wewe. Si mke wako, si Sayi. Wewe, Mashimba, mwanamume mwenye ndevu, ndoo kichwani, mchana, kwenye kisima kile kile, watu wakiona. Mpaka siku nitakayokwambia yatosha.

Anasema amemaliza. Ameweka dole gumba hapa chini.

Nyanjige
(kwa mkono wa Januarius)


Sapiwi
4 Oktoba 1995

Dada Philomena,

Hii sitaituma. Telegramu ilikwenda asubuhi na najua upo njiani. Nitakupa mkononi utakaposhuka basi pale Bariadi, kwa sababu mbele za watu sitaweza kusema.

Ulipoondoka baada ya likizo yako, zile dawa ulizoacha zilimsaidia. Alilala. Siku nyingine alikuwa anatutania. Kila jioni walikuwa wawili mle ndani, komeo limefungwa, tunasikia maji yanamwagika na vicheko viwili. Wanacheka nini sijui. Nadhani mimi.

Maana nilichota, dada. Mara tatu kwa siku. Siku ya kwanza kisimani walikuwepo wanawake kama kumi, mmoja akauliza, "Mashimba, umeolewa lini?" wakacheka mpaka wakashika magoti. Ndoo ilinimwagikia shingoni njia nzima. Wiki ya pili wakanifundisha kusokota kata ya nguo, iwekwe kichwani chini ya ndoo. Wiki ya tatu wakawa wananipisha nichote kwanza, wakisema huyu ana mgonjwa.

Watu wa Binza walirudi Jumamosi kuuliza habari ya Sayi. Mama mdogo akawajibu kwamba kwa sasa ana kazi, waje baada ya mavuno yajayo, na waje na adabu.

Leo asubuhi nilikwenda kisimani mapema. Niliporudi na ndoo ya kwanza nikamkuta mama mdogo amekaa kizingitini. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Nikauona ule mlango wazi, nikajua, nikasimama na ndoo kichwani nisijue pa kuitua.

Akainuka akanitua yeye. Tangu siku ile ya kisima alikuwa ananiita kwa jina tu. Leo akasema, "Mwanangu, leta nyingine moja. Tumwoshe vizuri, halafu yatosha."

Nikarudi kisimani. Wanawake walikuwa wameshasikia. Walishanijazia ndoo.

Mdogo wako,
Mashimba